Mkusanya taka si karani

Kwetu Wete, kisiwani Pemba, mtu akifariki asubuhi, mara nyingi alasiri keshazikwa. Sisi tulioko Unguja tunapigiwa simu, tunaambiwa fulani hatunaye, na kama boti ya siku hiyo ishaondoka, tutakachowahi ni hitma. Habari tumeipata, lakini maiti hatukuiona, wala hatuna tena la kumuuliza marehemu.

Kila nikimwelekeza kijana anayejifunza kuandika programu kuhusu rejeo dhaifu, naanza na hadithi hii. Miye mwenyewe nilichelewa kulielewa jambo hili, na mpaka nilielewe nilikuwa nishavuruga hesabu za watu.

Katika lugha za kuandikia programu kama Python, Java au JavaScript huvifuti vitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa mkono wako. Yupo mkusanya taka anayeviondoa visivyotumika tena, kazi aliyoibuni John McCarthy kwa ajili ya lugha ya Lisp mwaka 1959. Sharti lake ni moja: kitu ambacho programu bado inaweza kukifikia hakigusi. Python tuliyozoea inahesabu, kila kitu kina idadi ya wanaokishika, ikifika sifuri kinaondoka papo hapo. Vile vilivyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe vinangoja zamu nyengine ya usafi.

Rejeo dhaifu ni kukijua kitu kilipo bila kuhesabiwa miongoni mwa wanaokishika. Itazame ngalawa pwani. Ina kamba, na ina mzee kakaa barazani anaiona. Zikifunguliwa kamba zote inakwenda na maji, hata wakiitazama wazee mia. Rejeo dhaifu ni jicho la yule mzee. Ukiliuliza, ama litakupa kitu chenyewe, ama litakwambia hakipo.

Kuna ofisi ndogo ya safari za baharini huko Nungwi niliyoiandikia programu ya kupokea wageni. Kila safari ilikuwa na picha zake, za boti, za kisiwa, za matumbawe, na miye nilikuwa naziweka zote katika akiba ili zisisomwe diskini kila mara. Asubuhi kompyuta inakwenda vizuri, ikifika laasiri hata kubofya tu unangoja. Akiba yangu ilikuwa imezifunga kamba picha zote tangu ofisi kufunguliwa, wala hapakuwa na mwengine anayezitaka.

Nikaibadilisha ikawa WeakValueDictionary, yaani kamusi isiyoshika ilichonacho. Kumbukumbu ikashuka vizuri sana, ila picha zikawa zinapotea mgeni akifunga dirisha tu, na akirudi zinasomwa upya. Nikaongeza orodha fupi inayozishika kwa nguvu picha 30 za mwisho, basi, yakaisha. Hapa sina ugomvi na mtu: kwa akiba, na kwa daftari la madirisha yanayosubiri kuambiwa kuna mabadiliko, rejeo dhaifu ndiyo dawa yenyewe. Kikifa kitu, hupotezi chochote ambacho huwezi kukipata tena.

Ugomvi wangu uko kwenye ule mwito, ile kazi unayoiagiza ifanyike kitu kikishakufa. Nilikuwa na kitu kinachobeba nafasi ya mgeni mmoja: jina, boti, fedha aliyolipa. Nikajisemea, mgeni akishashughulikiwa hakuna atakayekishika, kitakufa, na kikifa risiti iandikwe kwenye faili. Nikajiona fundi khasa.

Jaribio la kwanza halikuandika kitu. Kumbe kazi niliyoiagiza ilikuwa ya kitu kilekile, kwa hiyo agizo lenyewe ndilo lililokuwa likimshika marehemu asife. La pili nalo kimya, kwani nililiunda rejeo dhaifu nisiliweke popote. Likafa kabla ya kile lilichokuwa likikiangalia, na mpeleka habari akishakufa, habari haifiki. Nilipolihifadhi, mwito ukaja, lakini mkononi ukanipa rejeo tupu. Jina halimo, fedha haimo. Nimepigiwa simu ya msiba, nami nataka kumuuliza marehemu kadaiwa na nani! Ikabidi jina na fedha nivinakili pembeni mapema. Hapo ndipo nilipotakiwa kujiuliza: kama nishavinakili, kwa nini siviandiki sasa hivi?

Sikujiuliza. Mezani kwangu ilifanya kazi, nikaipeleka Nungwi.

Baada ya siku chache Bi mhasibu kanipigia. "Mwanangu, boti imekwenda na watu kumi na mbili, hapa naona risiti tisa. Hao watatu wameliwa na papa?"

"Hapana, Bi, zitakuja."

"Zitakuja lini? Boti isharudi."

Mmoja alikuwa bado kashikwa na dirisha lililosahauliwa wazi. Wa pili alishikwa na kosa: programu ilijikwaa, ikahifadhi njia nzima ya lile kosa, na njia hiyo ikamhifadhi na yeye. Wa tatu mwito wake uliitwa kweli, ukakwama ndani kwa ndani. Kosa linalotokea ndani ya mwito wa namna hii haliisimamishi programu, linachapwa tu kwenye skrini nyeusi ambayo ofisi nzima hakuna anayeitazama.

Sipo peke yangu. Java ilikuwa na finalize yake, yaani mwito wa kitu kinachokufa, tangu mwanzo, na humo ndani kitu kilichokwisha hukumiwa kiliweza kujifufua. Ikatangazwa haifai katika Java 9 mwaka 2017, na Java 18 ya 2022 ikasema wazi kwamba itaondolewa. JavaScript ilipata WeakRef, rejeo dhaifu lake, na FinalizationRegistry, mwito wake, mwaka 2021, na walioziandaa wenyewe wanashauri uziepuke ukiweza, maana hakuna ahadi kwamba mwito utaitwa.

Vijana wananijibu kwamba Python tangu toleo la 3.4 ina mwito uitwao weakref.finalize, na huo unaitwa hata programu inapofungwa. Kweli, nami nautumia kufagia mafaili ya muda. Lakini unaitwa programu ikifungwa kwa salama. Aliyeishi Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara, hawezi kuniambia kompyuta kila siku hufungwa kwa salama. Umeme ukikatika hakuna mwito, hakuna kwaheri.

Siku hizi ile ofisi picha zinakaa kwenye akiba dhaifu, zinakuja na kuondoka zinavyotaka. Risiti inaandikwa fedha ikishahesabiwa, inasukumwa mpaka diskini, ndipo kitufe cha kuchapa kinawaka. Karani ni msimbo wenyewe, mistari minne, hata haina ufundi wa kujivunia. Bi mhasibu bado kila jioni anahesabu vichwa vinavyoshuka botini, kwa kidole, akinitazama.