Asilimia Isiyo na Mipaka Yake Tusiipigie Makofi

Mikutano ya tathmini hapa Kigoma imezoea namba moja moja. Mtu wa mradi anasimama, anasema asilimia 68 ya kaya sasa zinalala ndani ya chandarua, mwaka jana zilikuwa asilimia 62. Ukumbi unapiga makofi, mwandishi wa redio ananukuu, na kabla ya mwezi kwisha ile asilimia 6 imeshaingia kwenye maombi ya fedha kama ushahidi wa mafanikio. Msimamo wangu ni kwamba namba ya namna hiyo haijakamilika. Aliyeileta atuambie inaweza kushuka hadi wapi na kupanda hadi wapi, na wale waliohojiwa walipatikanaje.

Tuufanyie hesabu mfano huo. Tuseme zilihojiwa kaya 200 kila mwaka. Mwaka wa kwanza 124 zilisema ndiyo, ambayo ni asilimia 62. Chukua 0.62, zidisha kwa 0.38 iliyobaki, gawanya kwa 200, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96, namba inayoendana na kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Unapata kama 0.067. Kwa hiyo kauli ya haki ni kwamba kaya zinazotumia chandarua ziko kati ya asilimia 55 na 69, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Mwaka wa pili kaya 136 zilisema ndiyo, na mipaka yake ni takribani asilimia 62 na 74.

Hapo wengi wanatazama tu kama mipaka ya miaka hiyo miwili inapandana, wakiona inapandana wanasema hakuna kilichobadilika. Hiyo nayo ni njia ya mkato yenye hatari, kwa sababu mipaka inaweza kupandana kidogo na bado tofauti ikawa ya kweli. Kinachotakiwa ni kuipigia hesabu tofauti yenyewe. Katika mfano wetu tofauti ni asilimia 6, na mipaka yake inaanzia kushuka kwa asilimia 3 hadi kupanda kwa asilimia 15. Maana yake matumizi ya chandarua huenda yamepanda sana, huenda yamesimama palepale, na huenda hata yamepungua kidogo. Kwa kaya 200 hatuwezi kujua. Ukitaka kuupunguza upana huo kwa nusu, lazima sampuli iwe mara 4, yaani kaya 800.

Hiyo asilimia 95 nayo inaeleweka vibaya. Jerzy Neyman, mwanahisabati wa Poland aliyeijenga nadharia hii katika miaka ya 1930, alikuwa anazungumzia njia ya kukadiria. Ukirudia utafiti uleule mara nyingi, kila mara kwa sampuli mpya, takribani mara 95 kwa kila 100 mipaka utakayoipata itakuwa imeizingira namba ya kweli. Huu wa kwako mmoja unaweza kuwa miongoni mwa zile 5 zilizokosa. Ndiyo maana napenda kuona tafiti mbili tatu kabla sijashawishika.

Lakini hesabu yote hiyo inasimama juu ya sharti moja: kila kaya iwe ilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Hapa Kigoma sharti hilo linavunjwa na mwezi wa angani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hubaki nyumbani. Mdadisi akipita Kibirizi au Katonga, kwenye mialo ya wavuvi, saa 4 asubuhi wakati wa giza, mvuvi amelala baada ya kukesha ziwani, na anayejibu dodoso ni mama aliye kwenye vichanja vya dagaa au kijana aliyebaki. Akirudi wiki mbili baadaye, mbalamwezi imetoka, atakuta watu wengine kabisa. Muulize kila mmoja alilala wapi jana na kama alilala ndani ya chandarua, uone majibu yatakavyopishana! Mvuvi aliyekuwa ziwani hakulala kitandani hata kidogo. Anayenunua dagaa kwa gunia anajua kuingiza mkono hadi katikati, hachoti za juu tu. Mdadisi naye afanye hivyo kwa watu.

Kosa la namna hii haliponywi kwa kuongeza idadi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojisumbua kujibu walikuwa na mwelekeo wao. Kwa majibu milioni 2 mipaka ingekuwa myembamba kama uzi, nayo ingekuwa mbali kabisa na ukweli.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti nyingi zinalipita kimya. Wadadisi hawazitawanyi zile kaya 200 mkoa mzima. Wanachagua vitongoji 10, kila kimoja kaya 20, maana mafuta ya pikipiki ni ghali. Nawaelewa. Ila kaya za kitongoji kimoja hufanana: zahanati ileile, vyandarua vya mgao uleule. Kufanana huko kukiwa kwa wastani tu, kaya 200 zinaweza kubeba taarifa sawa na kaya kama 100 zilizotawanywa vizuri, na ile 6.7 ya juu na chini inakuwa zaidi ya 9.

Na mtu asiniletee sifuri. Kaya 30 zikikaguliwa na zote zikawa na choo, kanuni niliyoitumia hapo juu itasema kosa la juu na chini ni sifuri, jambo lisilo na maana. Katika hali hiyo gawanya 3 kwa idadi ya kaya: wasio na choo wanaweza bado kufika asilimia 10.

Linaloniuma zaidi ni wilaya kukosa namba zake zenyewe. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliikuta Kigoma na maambukizi ya takribani asilimia 24 kwa watoto walio chini ya miaka 5, wakati taifa zima lilikuwa na takribani asilimia 7. Pengo kubwa hivyo halitokani na bahati ya sampuli. Lakini sampuli ile ilipangwa kutoa picha ya mkoa, si ya kila wilaya. Mkoa huu una watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2022, na ndani yake Buhigwe ya milimani si Uvinza ya ziwani. Halmashauri inayotaka asilimia yake yenyewe, yenye kosa lisilozidi 5 juu na chini, itenge fedha za kuhoji kaya kama 800 (kwa kufanana kule, zitabeba taarifa sawa na kaya kama 400) zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kwenye vitongoji vyake, giza na mbalamwezi.