Mshindani wa nyenje ni dagaa

Kila mjadala wa wadudu wa kuliwa huanzia palepale: watu wataona kinyaa. Kwa hiyo waelimishwe, watengenezewe biskuti ambayo mdudu haonekani, wazoee taratibu. Huenda Ulaya hoja hiyo ina kazi. Huku Kanda ya Ziwa inachekesha. Novemba ikiingia Bukoba, anayewaonea kinyaa senene, wale panzi wa msimu, ndiye anayetakiwa kujieleza. Vijana wanakesha na taa kali na mabati kuwanasa, asubuhi watu wanakaa barazani kunyonyoa mabawa na miguu, jioni sufuria iko jikoni na senene wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu kidogo. (Zamani wanawake wa Kihaya walikusanya na wanaume wakala. Siku hizi kina mama wanajipakulia, na hakuna aliyedhurika.) Ng'ambo ya mpaka, utafiti wa masoko ya Uganda ya kati uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kilo ya nsenene ikiuzwa kwa bei inayozidi ya nyama ya ng'ombe kwa karibu asilimia 40. Mtu hamwagi pesa hivyo kwa kitu kinachomtia kichefuchefu.

Basi tuache kinyaa, tuzungumzie bei.

Senene ni mtamu lakini anakuja anapotaka. Nyenje anakubali kufugwa. Unahitaji kreti au beseni kubwa lenye wavu juu, trei za mayai za kujifichia, pamba iliyoloweshwa ili wanywe bila kuzama, na kisahani cha udongo wenye unyevu ambamo jike atataga. Wakipata joto la kutosha, tangu kuanguliwa hadi kuvunwa ni miezi miwili hivi. Kwenye baridi husogea mpaka mitatu. Adui mkubwa ni sisimizi, ndiyo maana miguu ya meza husimamishwa kwenye makopo ya maji. Kazi yote inaweza kufanyika kwenye chumba cha uani, na kelele zake ni zile ulizokwisha kuzizoea usiku. Akikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, tena ana madini ya chuma, zinki na vitamini B12 ambayo uji wa mahindi hauna kabisa. Sina ugomvi na mdudu huyu.

Ugomvi wangu ni na hesabu inayomzunguka. Ripoti ya mwaka 2013 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo kila andiko la mradi huinukuu, inasema nyenje huhitaji kama kilo 2 za chakula ili aongezeke kilo 1, wakati ng'ombe huhitaji kama 8. Sawa. Lakini mama wa Sengerema hachagui kati ya nyenje na ng'ombe. Nyama ya ng'ombe kwake ni ya sikukuu. Anachagua kati ya maharage, mayai mawili matatu na dagaa wa kupimwa kwa kopo. Huyo dagaa ndiye nyenje anapaswa kumshinda sokoni, na mpaka leo hajamshinda.

Sababu iko kwenye chakula cha nyenje chenyewe. Mwaka 2015 watafiti Mark Lundy na Michael Parrella walichapisha matokeo ya majaribio yao ya California. Nyenje waliolishwa chakula cha kuku waligeuza protini ya chakula kuwa protini ya mwili kwa kiwango kilichomzidi kuku kidogo tu. Waliolishwa mabaki ya jikoni yasiyosindikwa vya kutosha, au majani makavu ya nafaka, walikufa karibu wote kabla ya kufikia ukubwa wa kuvunwa. Ile simulizi kwamba nyenje anageuza takataka kuwa nyama inahitaji kupunguzwa sauti.

Na chakula cha kuku chenyewe kimetengenezwa na nini? Mahindi, soya au mashudu ya alizeti, na mara nyingi dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa. Hapo ndipo ninapokwama. Tunamchukua samaki anayeliwa mzima mpaka mifupa, mwenye protini, chuma na kalsiamu, tunamsaga, tunamlisha nyenje, halafu tunamkausha nyenje, tunamsaga naye, na kumrudisha kwenye uji wa mtoto yuleyule ambaye angeweza kula dagaa moja kwa moja. Kila hatua ina gharama zake, na mwisho tunashangaa kwa nini unga wa nyenje unakaa kwenye rafu za maduka ya watu wenye magari.

Thailand, inayosifiwa kwa mashamba yake yapatayo 20,000, nayo inategemea chakula cha kuku, na chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama. Ila huko nyenje huuzwa kama kitafunwa, na mlaji yuko tayari kulipa. Karibu na siku ya kuvuna wafugaji hupunguza ule mchanganyiko wa dukani na kuwapa maboga na majani ya mboga, kwa bei na kwa ladha.

Jaribio linalonipa moyo ni la Kambodia, lililochapishwa mwaka 2016. Nyenje wa kule kule walilishwa majani ya mimea ya kienyeji, na waliokula kisamvu, pamoja na waliokula gugu moja la ukoo wa mgagani, walikua vizuri sawa na waliokula chakula cha kuku. Kisamvu! Kuna mashamba ya mihogo ambayo majani yake huoza baada ya mavuno bila mtu kuyagusa.

Sisi tuna wa kufanya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimefuatilia nyenje kwa miaka. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walieleza spishi mpya ya Kenya, Scapsipedus icipe, ambaye awali alidhaniwa ni nyenje wa nyumbani wa kawaida. Kwa hiyo mdudu wetu tunaye. Fedha zinazokwenda kwenye warsha za kuwaondolea watu kinyaa ziende kutafuta mchanganyiko wa majani unaomfaa.

Mawili ya haraka. Anayevimba midomo akila kamba wa baharini ajihadhari, kwani mwili unaweza kumkataa nyenje vilevile. Na kwa Waislamu, nzige ana hadithi ya Mtume iliyo wazi inayoruhusu kumla. Nyenje si nzige, na anayeuza unga Mombasa au Zanzibar awaulize mashehe kabla hajachapisha lebo.

Mimi kipimo changu ni cha sokoni. Siku nyenje waliokuzwa kwa kisamvu watakapomwagwa juu ya turubai sokoni Kirumba, Mwanza, kando ya dagaa, na kupimwa kwa kopo lilelile kwa bei inayokaribiana, hakuna mteja atakayehitaji semina.