Nani wa kukuambia umepotea?

Kafyu ya korona ilipoanza Kenya, tarehe 27 Machi 2020, watu walitakiwa wawe ndani tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwenye nyumba ya watu sita, huo ulikuwa muda wa kelele za watoto na kugombania rimoti. Kwenye bedsita, chumba kimoja cha kupanga, ya Kasarani, Rongai au Mikindani ulikuwa muda wa kutazama ukuta, usiku baada ya usiku. Ushauri aliopewa mtu wa bedsita ulikuwa mwepesi: piga simu, sikiliza muziki, usiwaze sana. Hatukubaliani nao. Simu alikuwa nayo tayari, tena aliishika mpaka macho yakamuwasha.

Alichopoteza ni kitu kingine. Kabla ya hapo mama mboga alimtazamia akipita jioni. Mwenzake wa kazini angemuuliza mbona amechelewa, wanakwaya wangeona kiti chake kitupu, na chama cha kuchangiana kingempiga faini Jumapili asipofika. Huenda hakuna hata mmoja wao aliyekuwa rafiki wa kufa na kuzikana. Hata hivyo kila mmoja angeweza kumwambia neno lile tunaloambiana kila siku bila kulifikiria: "Umepotea!" Anayeambiwa amepotea, yupo aliyekuwa akimtafuta kwa macho. Kazi ikihamia nyumbani au ikisimama, kanisa na msikiti vikifungwa, mtu anaweza kupotea siku nne na neno hilo asilisikie kwa yeyote.

Kwa hiyo, anayeishi peke yake asianze kwa kutafuta watu wa kupiga nao soga. Aanze kwa kutafuta watu wa kumsubiri.

Watu watatu wanatosha, nao wasiwe wa namna moja. Wa kwanza ni ndugu au rafiki wa mbali, anayekujua vya kutosha kutambua sauti yako ikibadilika. Wa pili ni mtu anayeishi peke yake kama wewe, ili kusubiriana kuwe kwa pande mbili na asiwepo anayejiona mzigo. Wa tatu ni mtu wa mlangoni: jirani wa ukuta mmoja au keateka, yaani msimamizi, wa ploti. Huyu ndiye watu humsahau, naye ndiye pekee anayeweza kufika kwako wakati wa kafyu bila kutoka getini.

Wape saa, msiishie kwenye ahadi ya "tutatafutana". Mpango unaofanya kazi ni huu: kila asubuhi kabla ya saa moja na nusu unatuma ujumbe wa sauti kwa yule wa pili, hata wa nusu dakika. Ikifika saa tatu hujatuma, anakupigia. Usipopokea mara mbili, anampigia wa mlangoni, na kabla ya saa nne mlango wako umegongwa. Semeni saa hizi kwa mdomo, mwandikiane, na wote watatu wawe na namba za wenzao. Mpango huu huharibika mara nyingi kwa sababu yule rafiki wa mbali hana namba ya keateka, na keateka hajui kwamba yupo anayekutafuta.

Tumia sauti, si maandishi. "Niko poa" huandikwa hata na mtu ambaye hajanyanyuka kitandani tangu juzi. Sauti haifichi hivyo: ikiwa nzito, ikikatika, ikija na kikohozi, mwenzako ataisikia. Wala msitegemee grupu la WhatsApp la watu arobaini. Grupu ni zuri kwa habari na kwa michango, lakini kwenye watu arobaini kila mmoja hudhani mwingine ameshauliza, na tiki za buluu humfanya anayenyamaza aonekane yupo.

Kisha kuna namna ya kuuliza. "Uko sawa?" ni salamu, na jibu lake ni salamu. Uliza kitu chenye jibu moja tu la kweli: Jana usiku ulikula nini? Ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Mara ya mwisho kutoka nje ya mlango ilikuwa lini? Mtu akijibu "chai" kwa siku tatu mfululizo, umeshajua zaidi ya ambavyo angekueleza kwa saa nzima. Na ukiulizwa wewe, jibu hivyo hivyo. Kuishi peke yako kunafundisha kujikaza, na kujikaza huko kunamziba macho anayekusubiri.

Simu ndefu ya jioni nayo ina mahali pake, ila iwe na kazi. Simu ya kutazamana usoni tu huchosha, hula bando, na baada ya dakika ishirini mnabaki mnasoma matangazo ya wizara ya afya. Badala yake chagueni siku mbili kwa wiki, muda kati ya saa moja na saa tatu usiku, kwa maana ndio muda unaolemea zaidi: giza limeingia na usingizi bado. Weka simu kwenye spika, iegemeze kwenye kopo la unga, kila mmoja apike chakula chake. Kimya cha dakika tatu huku mtu akikatakata sukuma wiki si kibaya hata kidogo. Ndivyo watu wanavyoishi wakiwa pamoja.

Liko jambo watu wa mijini hulikwepa. Wengi walioacha kupokea simu mwaka 2020 hawakuchukia watu. Kazi ilisimama au mshahara ulikatwa, na kila simu kutoka nyumbani ilikuja na ombi, au walihofia itakuja nalo. Aibu ya kukosa cha kutuma iliwafungia kuliko kafyu. Dawa yake ni kusema mapema, mara moja, kwa wote: kazi imesimama, sitaweza kutuma chochote hadi mwezi fulani, lakini Jumatano na Jumapili jioni nitapokea. Ukishasema hivyo simu inarudi kuwa simu. Na anayeweza kumsaidia mwenzake asingoje kuombwa: tangu katikati ya Machi 2020 ada za kutumiana pesa za M-Pesa zisizozidi shilingi 1,000 ziliondolewa, na shilingi hamsini ya bando ilifika ikiwa hamsini.

Sasa mwili, maana upweke hujenga kwenye mwili uliovurugika. Katika chumba kimoja kitanda hugeuka kiti, meza ya kulia na ofisi. Wiki mbili za hivyo na ubongo hauelewi tena kitanda ni cha nini. Unasinzia mchana, usiku unakesha. Pata hata ndoo iliyopinduliwa na mto juu yake, iwe kiti cha kazi, kitandani urudi kulala tu. Shika saa ya kuamka kuliko ya kulala: amka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbovu, na ndani ya saa moja toka kwenye mwanga wa nje kwa dakika ishirini hadi thelathini. Kama ploti ina paa lenye kamba za kuanikia nguo, hapo panafaa, na huko ndiko utakakokutana na mtu mwingine anayeanika. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, wala usivuke saa tisa. Pombe ya kunywea chumbani ni mtego: huleta usingizi haraka, kisha huuvunja usiku wa manane, na hapo ndipo mawazo mabaya hupata nafasi.

Chakula kisikuchukue akili. Usichemshe kilo nzima ya maharage kama huna friji. Nunua yaliyochemshwa kwa mama mboga, ya mlo mmoja au miwili. Utakuwa umepata chakula, na pia mtu atakayegundua kwamba leo hukuja.

Pwani kulikuwa na njia ya zamani zaidi ya zote. Ramadhani ya 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili misikiti ikiwa imefungwa, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa ulifungiwa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Kufuturu peke yako kwenye chumba ni kugumu kwa aliyezoea sinia. Lakini sahani ya futari inaweza kupita: iweke kizingitini, bisha hodi, rudi nyuma hatua kadhaa, subiri mlango ufunguliwe. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu, kesho yake naye atabisha kwako. Mmeonana mara mbili kwa sahani moja. Hatujaona mpango wa kitaalamu ulio bora kuliko huo.

Hatari kubwa kuliko huzuni ni kuugua peke yako. Korona ina ubaya wake maalumu: kiasi cha oksijeni kwenye damu kinaweza kushuka mgonjwa asihisi kukosa pumzi, na aliye peke yake hana wa kumwona midomo ikibadilika rangi. Ndiyo maana kipimo kidogo cha kubana kidoleni ni cha lazima, na majirani watano wanaweza kuchanga wanunue kimoja. Kaa umetulia dakika tano, kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi nzito ya kucha wala piko, subiri namba itulie, andika. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na namba uitume kwa wale watatu. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi, ikiwa chini ya 95 na ukiipima tena ni ileile, mpigie daktari. Ikiwa 92 au chini ya hapo, nenda hospitali, usingoje asubuhi.

Mlango pia. Ukiwa mgonjwa usifunge komeo la ndani. Funga kwa ufunguo, kisha uchomoe ufunguo kwenye tundu, kwa kuwa ukibaki humo ule wa akiba alio nao jirani hautaingia. Jambo dogo namna hii ndilo huamua kama watu watafungua mlango kwa sekunde tano au watatafuta fundi wa kuuvunja.

Na jiko la makaa. Juni na Julai Nairobi ni baridi, gesi ikiisha mtu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha na kulala. Makaa yanayofukuta hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu, ambazo mtu aliye peke yake huzichukua kuwa ni mawazo tu, akalala nazo. Katika nyumba ya watu wengi mmoja anaweza kushtuka. Wewe huna wa kukushtua, kwa hiyo jiko liwake nje na libaki nje, hata yakibaki makaa mekundu yasiyo na moshi.

Serikali nazo zilikuwa na la kufanya. New Zealand ilipofunga nchi mwishoni mwa Machi 2020, aliyeishi peke yake aliruhusiwa tangu mwanzo kujiunga na nyumba nyingine moja. Uingereza ilifunga tarehe 23 Machi, lakini ruhusa kama hiyo kwa England ilikuja tarehe 13 Juni, siku 82 baadaye. Kwetu mchana mtu aliweza kutembea ndani ya mji wake, lakini amri za usiku zilihesabu watu kama familia, kana kwamba kila mlango una watu watano nyuma yake. Tunataka amri yoyote ijayo iwe na kifungu chake: aishiye peke yake achague nyumba moja, aiandikishe kwa mzee wa mtaa au keateka, na aweze kulala huko. Virusi havingeongezewa njia nyingi kwa nyumba mbili kuhesabiwa moja.

Wapo ambao mpango wa saa na sahani hautawatosha. Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, akaacha kuoga, akaanza kugawa vitu vyake au kusema watu watakuwa afadhali bila yeye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitoa. Kaa naye kwenye laini, ita wa mlangoni aende akae naye. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199. Miaka ile wengi waliogopa kusema kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambie hivyo pia.

Na wewe uliye mtu wa mlangoni, ukitumwa kwenda kugonga, taja jina lako na jina la aliyekutuma, maana mtu aliyefungiwa wiki tatu hushtuka akisikia mlango usiku. Akijibu kwa ujumbe kwamba yuko salama, usigeuke bado. Mwombe aseme neno moja kwa sauti, na kama anaweza afungue, asimame ndani nawe usimame nje, umwone uso.