Mapacha wa kondo moja: kabla ya leza, kuna eko (ultrasound) ya wiki ya 12 ya mimba

Kila inapozunguka video ya mtoto akitibiwa angali tumboni huku Ulaya, ndugu wa Bukavu, Kongo, wanauliza mashine hiyo itafika lini Kadutu au Ibanda, mitaa ya mji wetu. Niko Leuven, Ubelgiji, ambako upasuaji huo unafanywa, na naona swali limeanzia mwisho.

Tuchukue mapacha wenye kondo la nyuma moja. Mishipa yao imeungana juu ya kondo, na katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za aina hiyo, damu inaelemea upande mmoja. Anayetoa damu anakaukiwa: kina cha maji yanayomzunguka hakifiki sentimita 2, na kibofu chake kinaweza kisionekane kwenye eko. Kwa anayepokea, kina cha maji kinapita sentimita 8, na moyo unachoka. Daktari anapenyeza kamera ya milimita 2 au 3 tumboni mwa mama, anafuata mishipa inayovuka na kuichoma mmoja mmoja kwa leza. Kisha anachoma mstari wa kuunganisha alama hizo, maana vijishipa vikisalia, pacha mmoja anaweza kuishiwa damu polepole. Mwishoni anavuta maji yaliyozidi. Balaa ni lile tundu: chupa ya uzazi haizibi kama ngozi, inaweza kupasuka mapema na watoto wakazaliwa njiti.

Pasipo leza inabaki sindano ya kuvuta maji. Mama anapata pumzi, lakini mishipa iko wazi, maji yanarudi. Katika utafiti wa Ulaya wa 2004, angalau pacha mmoja alikuwa hai siku 28 baada ya kuzaliwa katika mimba 76 kwa 100 kwa leza, na 56 kwa kuvuta maji. Hiyo 56 si ya kudharau.

Ila vyote hivyo ni bure kama hakuna aliyejua kondo ni moja. Hilo linaonekana vizuri wiki ya 11 hadi 14: utando kati ya watoto ukianza na pembetatu nene, makondo ni mawili, ukiwa mwembamba, umesimama kama herufi T, ni moja. Baadaye alama inafifia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri eko moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mapacha hawa ni kuchelewa. Na kwetu wengi wanaenda eko kuuliza ni mvulana au msichana! Huku, kondo likiwa moja, mama anapimwa kila wiki 2 kuanzia ya 16, hata akijisikia mzima.

Wamama wa mapacha, dai fishi ya CPN (kliniki ya wajawazito) iandikwe makondo ni mangapi. Tumbo likijaa ghafla na pumzi ikabana, usingoje tarehe ya CPN. Nenda siku hiyo hiyo.