Nyoka wa bustanini: ya Uingereza tuyachukue, lakini si yote

Sisi tulioko huku Uingereza tuna tabia moja tukirudi likizo Mombasa. Tukikuta watu wamemzingira nyoka chini ya mwembe, fimbo mikononi, tunaanza kuwahubiria: "Kule kwetu nyoka anaishi bustanini na hakuna anayemgusa." Kwanza, "kule kwetu" ya wapi tena? Pili, ni kweli, ila tunachosahau kusema ndicho chenye uzito.

Uingereza ina aina tatu tu za nyoka wa asili, na mwenye sumu ni mmoja, yule wa jamii ya moma mwenye mchoro wa zigizaga mgongoni. Anayeingia bustanini aghalabu ni nyoka wa nyasi: rangi ya zeituni, kola ya manjano na nyeusi shingoni, jike akifika mita moja hivi. Anakula zaidi vyura. Ukimshika hutoa majimaji yenye uvundo mkali. Akizidiwa hulala chali, mdomo wazi, ulimi nje, akajifanya amekufa. Kuuma ni nadra sana. Sheria yao ya wanyamapori ya 1981 inamlinda: kumuua au kumjeruhi makusudi ni kosa.

Kuishi naye ni kazi ya kalenda. Jike hutaga Juni na Julai, mayai 10 hadi 40, meupe, ganda laini kama ngozi, yameshikana. Hutafuta lundo la mboji kwa sababu majani yanayooza hutoa joto ambalo udongo wa nchi ile hauna. Vitoto hutoka Agosti na Septemba, urefu wa penseli. Kwa hiyo lundo haliguswi kiangazi chote. Hugeuzwa katikati ya masika yao, Aprili au Mei, ama mwanzoni mwa Oktoba kabla nyoka hajalala usingizi wa baridi. Kingine kinachomuua ni wavu wa plastiki wa kufunikia matunda na bwawa. Anaingiza kichwa, magamba yaliyoelekea nyuma yanamzuia kurudi, uzi unamkata. Dawa ni kuinua wavu uache nafasi chini, au kutumia wenye matundu makubwa.

Sasa beba ustaarabu huo mpaka Kisauni au Likoni. Juu ya mwembe mmoja wanaweza kupita nyoka watatu wa kijani. Yuko ukukwi, mwembamba kama kidole, jicho kubwa, mwindaji wa mijusi mchana, asiye na madhara kwa mtu. Yuko mamba kijani (wa mtini, si wa mtoni), anayefika mita mbili na anayependa miembe na mikorosho. Na yuko bumslangi, jicho kubwa vilevile, kichwa kifupi, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda na dalili zake huweza kuchelewa saa nyingi. Msiniambie mtamtambua kwa ukubwa: mtoto wa mamba ni mwembamba pia. Kwa kuvimbisha shingo? Ukukwi na bumslangi wote wawili huvimbisha.

Kosa kubwa zaidi la kubeba kutoka huku ni kanuni ya mboni. Uingereza mtoto hufundishwa kwamba mboni ya duara ni salama, mboni ya wima ni sumu, na kwa nyoka wao inafanya kazi. Pwani inakugeukia. Mamba na swila wana mboni ya duara. Nyoka wa nyumba, yule wa kahawia mwenye mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa, ana mboni ya wima na hana sumu hata chembe. Anawaviringa panya na kuwabana mpaka wafe.

Huyu wa nyumba ndiye ningemtetea mbele ya mahakama yoyote. Hutoka usiku, huingia panya anamoingia, na ghala lenye magunia ya mahindi linamhitaji kuliko linavyohitaji sumu ya panya, ambayo paka na kuku huishia kuila. Wazee wengi wa Mji wa Kale bado wanashika mafundisho ya kumpa nyoka wa nyumbani onyo la siku tatu kabla ya kumgusa. Kivitendo, ni nadra akae siku tatu mahali pasipo na panya. Hata hivyo sisemi ashikwe. Yuko nyoka mweusi mdogo wa ardhini ambaye meno yake ya sumu huchomoza ubavuni mwa mdomo, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa anakuchoma.

Cha kuiga kutoka Uingereza, basi, ni namna wanavyoupanga ua. Wao wanaweka lundo makusudi ili aje, sisi tuliondoe. Makumbi, vifuu na makuti ya zamani visirundikwe ukutani. Kuni ziinuliwe sentimita 30 kutoka chini. Matawi yakatwe mbali na paa, hasa paa la makuti, maana kwa nyoka wa mtini hilo ni daraja. Matundu ya ukuta wa matumbawe yazibwe kwa saruji. Ufa wa chini ya mlango usizidi nusu sentimita, na bomba la maji machafu liwekewe waya wa matundu madogo. Taa ya baraza ikiwaka usiku kucha huita wadudu, wadudu huita mijusi, na mijusi huita nyoka. Chakula cha kuku kilichoachwa usiku hufanya hivyohivyo kupitia panya. Mafuta ya taa, chumvi, kitunguu saumu na kuchoma matairi ni kupoteza pesa. Mafuta ya taa yanaua udongo na nyoka anapita pembeni.

Akionekana, simama mbali mita tano, ita watoto na paka ndani, mtu mmoja amwangalie asipotee, kisha pigeni simu kwa Shirika la Wanyamapori. Watu wengi huumwa wakati wa kumpiga au kumshika. Akiuma, vua pete na bangili, funga kiungo kwa ubao kisitikisike, hospitali moja kwa moja. Usikate, usinyonye, usikaze kamba. Swila akitema machoni, mwaga maji safi mengi dakika 15 hadi 20 bila kusugua, halafu daktari ayaangalie macho siku hiyohiyo.