Nani Kasema Mama Yangu Hakuwa na Kazi?

Wiki sita zimepita tangu tumzike Mama, na kuna sentensi moja bado imenikwama kooni. Ilisomwa uani kwetu, huko juu ya Mlalo, milimani Usambara, jeneza likiwa mbele yetu na watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Wasifu wa marehemu ulianza vizuri: kuzaliwa mwaka 1950, kubatizwa, kuolewa, watoto sita, wajukuu. Ulipofika kwenye kazi, msomaji akasoma kwa sauti ileile ya upole: "Marehemu hakuwahi kuwa na kazi. Alikuwa mama wa nyumbani." Kisha akaendelea na habari za kuugua kwake.

Nilikuwa benchi la mbele na ndugu zangu. Nikainua macho. Ng'ambo ya bonde shamba lake lilikuwa linaonekana lote, makinga maji yamepangana toka juu mpaka chini, na katikati maharage machanga aliyoyapanda kwa mkono wake wiki tatu kabla hajaanguka. Kila aliyekuwa pale uani alikuwa analiona shamba lile. Hakuna aliyeguna. Na mimi sikuguna.

Aliyeuandika wasifu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alikesha usiku kucha akiandika, sisi wengine tukilia, na namshukuru. Alichofanya ni kuchukua wasifu wa marehemu Baba akafuata mpangilio wake. Tulipomzika Baba, sehemu ya kazi peke yake ilijaza karibu ukurasa mzima: aliajiriwa lini kama karani wa mizani kwenye shamba la mkonge kule chini Korogwe, akapanda cheo lini, alipewa barua gani ya pongezi. Haya, yote ni kweli. Baba alifanya kazi na nitamheshimu mpaka nakufa. Lakini kwa Mama, pale palipokuwa na ukurasa, pakawekwa mstari mmoja, tena wa kukanusha.

Sasa naomba niulize. Bei ya mkonge ilipoporomoka, dunia ilipohamia kwenye kamba za nailoni, mshahara wa Baba ukawa unakuja leo na kupotea miezi mitatu, nani alitulisha? Ada yangu ya sekondari ilitoka wapi? Nakumbuka vizuri ilikotoka. Ilitoka kwenye matenga ya plamsi ya Desemba, Mama na dada zangu wakiyabeba kichwani alfajiri kuwahi lori linaloshuka Mombo. Ilitoka kwenye magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa, gunia limebebeshwa kilemba mpaka linataka kupasuka, na dalali analihesabu gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku miaka na miaka, na miaka hiyohiyo Mama ameipakia.

Watu wanapenda kusema kilimo cha mama zetu ni cha mazoea, kana kwamba mkono unajiendea wenyewe. Ngoja niwaambie alivyokuwa anatunza mbegu.

Maharage yakishapigwa na kupetwa, hakuna aliyeruhusiwa kupika hata kibaba kabla mbegu haijatolewa. Usiku, koroboi ikiwa mezani, anamwaga maharage kwenye ungo na kuanza kuchagua, moja moja. Anaishika punje kati ya kidole gumba na cha shahada, anaigeuza, anaitazama kwenye kile kidoa ilipokuwa imeshikana na ganda. Yenye mikunjo, sufuriani. Iliyobunguliwa, kwa kuku. Nzuri anaitupa kwenye bakuli la bati, na hadi leo mlio ule wa punje kwenye bati ndio usingizi wangu wa utotoni. Zilizochaguliwa anazichanganya na majivu yaliyochekechwa, anazitia kwenye kibuyu, anaziba mdomo kwa gunzi. Mahindi ya mbegu hayakupukuchuliwa. Yalining'inia na maganda yake juu ya moshi wa jiko mpaka yakawa meusi. Halafu mvua zikikaribia, anahesabu punje 10 za maharage, anazifunga kwenye kitambaa kibichi, anaziweka mahali pa joto. Siku ya tano anafungua. Zikiota nane au tisa, mbegu nzima. Zikiota sita, anajua kila shimo linahitaji punje ya ziada. Zikipungua hapo, anakwenda kubadilishana na jirani mapema, kabla mvua haijamkuta. Nimekuja kuwasikia mabwana shamba wakifundisha semina jambo hilohilo. Mama hakuwahi kuitwa semina.

Na udongo je? Anayeijua Usambara anajua miteremko yetu ilivyo. Ukijikwaa juu ya shamba lako unaokotwa shambani kwa mwenzako. Bibi alikuwa akitusimulia enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, walivyolazimishwa kupiga matuta mlima mzima, na kazi ile ikawaangukia wanawake, mpaka watu wakakataa na mpango wenyewe ukafa kabla ya Uhuru. Kwa hiyo mradi mwingine wa kuhifadhi udongo ulipoanza Lushoto mwaka 1981 na habari za kupanda majani ya guatemala kwenye kontua, mistari inayokata mteremko, wengi walikunja uso. Mama aliwasikiliza, akauliza swali moja tu: majani hayo ng'ombe anakula? Wakasema anakula. Akapanda. Alishaona kwamba kinga maji linalolisha ng'ombe litatunzwa, na lisilolisha kitu litaachwa life.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 ndizo zilizonionyesha nilikuwa na mama wa namna gani. Nilikuwa nyumbani likizo. Usiku wa manane nikasikia mlango wa jikoni, nikatoka, namkuta amejifunga khanga kiunoni, gunia la plastiki kichwani, jembe begani. Nikamwambia, "Mama, mvua hii unakwenda wapi?" Akanijibu, "Nakwenda kuyafungulia maji njia, mwanangu. Yakikosa njia yatajitafutia." Nikamfuata. Tulikesha kule mpaka kunapambazuka, yeye anazibua mfereji wa juu, mimi nashika tochi na kuanguka kwenye tope. Asubuhi tuliona kipande cha mlima upande wa pili kimeteremka na migomba yake yote. Shamba letu lilikuwa pale pale. Nilimwona akiokota kipande cha udongo, akakivunja kwa vidole, akanawa mikono, akaenda kukamua ng'ombe.

Huyo ndiye ambaye hakuwahi kuwa na kazi.

Nimejiuliza sana ulimi huu tumeupata wapi, maana nchi yetu haikuanza hivi. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilikiri bila kificho kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wengine wote Tanzania, wengine saa 12 hadi 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mama alikuwa na miaka 17 wakati maneno hayo yanaandikwa. Ngao ya Taifa ina jembe. Tuna siku nzima ya wakulima, Nane Nane, na mapumziko juu yake. Kwenye karatasi na kwenye ngao jembe lina heshima zake. Heshima hiyo imeishia wapi kabla ya kufika uani kwetu?

Mimi nafikiri ilipotelea shuleni. Kumbukeni tuliosoma shule za kijijini: ukichelewa namba, adhabu yako nini? Kulima. Ukipiga kelele darasani, ukapimiwe hatua 10 kwa 10, ulime. Ukifeli, mwalimu anakuambia mbele ya wenzako, "Wewe utaishia kushika jembe." Tulikuwa watoto wa miaka minane, tisa. Tumetoka nyumbani asubuhi tukiwa tumemwacha mama ameshika jembe hilohilo, kwa hilo tumevaa sare na kwa hilo tumekunywa uji, na saa nne tunaambiwa jembe ni mahali wanapotupwa walioshindwa. Mtoto anaweka wapi maneno hayo mawili? Anachagua. Anachagua la mwalimu, kwa sababu la mwalimu lina chaki na fimbo. Na bila kukusudia, siku ileile, anaanza kumwonea mama yake aibu kidogo.

Najua nasema nini. Nilipokwenda kidato cha kwanza tulipewa fomu ya kujaza. Kazi ya baba: karani. Kazi ya mama: nikaandika "hana". Hakuna aliyenilazimisha. Niliandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko wangu mzuri, na ada iliyobanwa kwenye fomu ile ilikuwa ya plamsi. Mama alitia sahihi yake chini. Alijua kusoma, alijifunza kwenye kisomo, kuanzia ule Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima wa 1970, akiwa binti wa miaka 20. Kwa hiyo alilisoma neno lile. Hakusema kitu. Sikumwomba radhi hata mara moja katika miaka yote iliyofuata, na sasa sina wa kumwomba.

Nakubali, "mama wa nyumbani" si tusi. Kulea watoto sita na kumuuguza mume mpaka anafumba macho ni kazi tosha, na anayefanya hayo tu anastahili heshima zake zote. Ila Mama yangu aliifanya hiyo, halafu akafanya na nyingine ya shamba, na wasifu ukamwandikia moja kisha ukamwambia si kazi.

Na jambo hili haliishii kwenye maneno ya msibani. Asiye na kazi hana mali. Baba alipofariki, wazee wawili walikuja kuuliza shamba "litasimamiwa na nani," Mama amekaa palepale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeandika wazi kwamba haki ya mwanamke kumiliki ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Ilibidi dada yangu mkubwa asimame aseme hivyo kwa sauti, mbele ya wazee, kuhusu ardhi ambayo Mama alikuwa ameilima zaidi ya miaka 40.

Mchungaji naye, kwa nia njema kabisa, alihubiri kwamba Mama aliishi maisha rahisi ya kijijini. Naomba niseme hapo pia. Hayakuwa rahisi. Mgongo wake uliinama akiwa na miaka 50 na haukunyooka tena. Moshi ulimharibu macho. Sitaki binti yangu aishi vile, na nikisikia mtu wa mjini anasifu utulivu wa maisha ya shamba wakati hajawahi kupalilia hata mistari miwili juani, namwona hajui anachosema. Mama aliishi na vitu vichache. Khanga mbili za kanisani, redio moja, kiti chake cha kamba. Vitu ndivyo vilivyokuwa vichache.

Siku ya tatu baada ya maziko tulifungua sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa sukari, tulikuta daftari la mistari, lile la kurasa nyingi, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Nilidhani ni nyimbo za kwaya. Lilikuwa la shamba. Mwandiko wa kisomo, herufi kubwa zinazoegemeana, mwaka baada ya mwaka: tarehe ya mvua ya kwanza, vibaba vya mbegu, madebe yaliyovunwa, bei ya tenga. Na pembeni ya kila msimu, kwenye nafasi yake aliyoichora kwa rula, neno moja na hesabu yake. *Kazi siku 11. Kazi siku 4. Kazi siku 9, mimi na mwanangu.*

Nilikaa chini pale sakafuni na daftari mapajani. Miaka yote ile alikuwa anaandika.

Nimeuandika upya wasifu. Yule mtoto wa mama mdogo aliyeandika wa kwanza ameusoma, amelia, ameniomba nimpe nakala. Umeanza hivi: "Marehemu alikuwa mkulima kwa miaka 60." Utasomwa kanisani siku ya shukrani, nami ndiye nitakayeusoma.

Kuna jambo moja la mwisho. Nilipokuwa najiandaa kurudi Dar nilikwenda jikoni kuchukua jembe lake. Bapa limeliwa mpaka limebaki upana wa kiganja changu, na mpini una sehemu mbili zilizobonyea, nyororo, moja ya mkono wa kulia na moja ya kushoto. Ukiushika, mikono yako inakwenda yenyewe ilipokuwa mikono yake. Nilitaka nikalitundike sebuleni, kila anayeingia kwangu alione. Nikalifunga kwa gazeti vizuri. Dada yangu alinikuta mlangoni nalo.

"Kaka, hilo unalipeleka wapi?"

Nikamweleza.

Akalichukua mkononi mwangu taratibu, akaanza kulifungua lile gazeti. "Niachie," akasema. "Maharage yake yameanza kuzidiwa na magugu. Hili lina kazi kesho."