Nyasi Yetu Inanichapa Huku California

Jumamosi iliyopita nilipangwa kucheza gofu na wazee watatu nisiowajua pale Torrey Pines, San Diego, uwanja wa South. Shimo la nne, lile linaloambaa ukingo wa jabali juu ya bahari, mmoja wao akatia mpira kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni. Akauchapa kwa nguvu zake zote, ukasogea hatua mbili. "Takataka hii ya kikuyu!" Nikamwambia nyasi hiyo ni ya kwetu, Limuru tunawakatia ng'ombe. Akacheka akidhani ni mzaha.

Ni ya kwetu kweli. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na California ililetwa mapema karne ya 20 ili ishike udongo wa kingo za mifereji. Ikashika, ikakataa kuachia. Leo serikali ya Marekani imeiorodhesha miongoni mwa magugu hatari, na bado ndiyo iliyofunika feawei (njia zilizokatwa za kuelekea shimoni) za Torrey Pines na za Riviera kule Los Angeles. Sikatai, kifua kilinivimba.

Kisha ikafika zamu yangu, kifua kikanywea. Kwenye feawei majani yake magumu huunyanyua mpira ukakaa juu kama yai kwenye kiota. Hata mlevi ataupiga vizuri. Lakini ukipotoka mita tatu tu pembeni, umekwisha: majani yanakamata shingo ya chuma, ile fimbo ya kupigia, uso wake unajifunga, mpira unakwenda kushoto au hauendi kabisa. Wala usidhani utaubingirisha hadi kwenye grini, pale palipokatwa fupi penye shimo. Ukitua kabla ya grini unanasa papo hapo, kwa hiyo lazima uurushe hadi ndani. Na ndani ni nyasi nyingine, Poa annua, ambayo ikifika alasiri imeshachipua vichwa vya mbegu na mpira unadundadunda ukielekea shimoni. Ongeza hewa nzito ya pwani: chuma namba 7 kilichonipa yadi 165 Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, huku kinanipa 150 nikibahatika.

Sasa nyumbani. Nyasi ni hiyo hiyo, na jua tunalo mwaka mzima. Mbona viwanja vyetu havichapi mtu hivi? Huku urefu wa rafu umeamuliwa na mtu na unapimwa, na feawei zinachanwa kwa visu ili nyasi isijijaze kama godoro. Katika kilabu nilikokulia (sitakitaja, wanachama wanasoma) rafu ilikuwa ndefu trekta likiharibika, na fupi trekta likipona. Kamati ikipata pesa, baa inapata vigae vipya. Kazi yote ya kumsumbua mchezaji tumewaachia miti.

Najua yatakayosemwa. "Amefika majuu, sasa anatudharau." Jameni, mimi nimekuwa kedi. Nilicheza Jumatatu, siku ya makedi, kwa vyuma vya kuazima, na kubeba mabegi ya watu ndiko kulikonilipia karo. Nimdharau nani? Mwingine atasema viwanja vyetu vina uzuri wake. Kwani nani amekataa? South yenyewe kimuundo sioni ajabu yake. Rees Jones aliufanya upya mwaka 2001, na ukiondoa mashimo ya ukingoni mengi yanafanana: marefu, banka (mtego wa mchanga) kushoto, banka kulia, rudia. Kwa mpangilio wa mashimo Karen naiweka mbele bila aibu, na Limuru na mashamba yake ya chai kwa mandhari. Makedi wetu je? Huku wengi tunasukuma vigari wenyewe na kubahatisha mteremko wa grini kwa macho yetu mabovu.

Lakini tazama alama; kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye bora, kwa hiyo uwanja unaochapa hauachi mtu ashuke mbali chini ya kiwango. Karen, 2021, Justin Harding alishinda Kenya Open kwa mapigo 21 chini ya kiwango. Muthaiga, 2022, Ashun Wu akashinda kwa 16 chini. Torrey Pines, US Open ya 2008, Tiger Woods na Rocco Mediate walimaliza siku nne wakiwa pigo moja tu chini, wakalazimika kurudi Jumatatu kutafuta mshindi. Mwaka 2021 Jon Rahm alishinda hapo hapo kwa 6. "Aa, US Open wanakuza rafu makusudi!" Ndiyo hoja yangu hiyo, ndugu. Makusudi.

Na usinikimbilie na habari ya pesa. Kuacha rafu ikue wiki tatu kabla ya mashindano ya kilabu hakuhitaji mfadhili. Nyasi ya kikuyu inajikuza yenyewe; kuikata ndiko kunakokula dizeli. Tunachokosa ni mwenyekiti mwenye ujasiri wa kumtazama usoni mwanachama wa hendikapu 9 (kipimo cha uwezo, ndogo ndiyo bora), anayelipa ada kwa wakati na kununulia meza nzima vinywaji, amwambie kwamba kwa kweli yeye ni 14.

Binamu yangu ameshanitangaza kwa ukoo mzima kwamba nimeshuka kiwango. Aje Agosti, nyasi ikiwa imepata joto lake. Begi nitambebea mimi, bure, ila mipira aje nayo mingi.